Skonzi za Dakika Kumi na Sita

Mzunguko wa Konstebo Enoch Tranter ulikuwa maili moja kamili. Niliupima mimi mwenyewe, Abel Sturgess, sajini wake, mwaka 1838, wakati kikosi kipya cha polisi wa London kilipokuwa na umri wa miaka tisa. Kanuni ilimtaka konstebo atembee maili mbili na nusu kwa saa, asizidishe wala asipunguze, kwa hiyo Tranter alimaliza mzunguko kwa dakika ishirini na nne. Huko kwao Wiltshire alikuwa amefuata plau miaka kumi na minne, na mtu aliyefuata plau hana mwendo wa kubahatisha. Ungeweza kurekebisha saa yako kwa kumtazama.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana mwizi naye ana macho. Kwa sababu hiyo sajini humgeuza konstebo mara mojamoja katikati ya zamu: aliyekuwa akizungukia kulia huzungukia kushoto. Amri hutolewa kwa mdomo pale kwenye kona, kisha sajini huiandika katika daftari la zamu. Jumanne moja ya Oktoba, saa tisa kamili alasiri, nilimgeuza Tranter kwenye kona ya Mtaa wa Cray. Sikuandika. Mkokoteni wa mapipa ya bia ulikuwa umepinduka mtaa wa pili, nikaitwa, na hadi jioni nilikuwa nimesahau.

Saa tisa na dakika nane, Silas Quennell, muuza saa, aliacha kaunta yake akaenda nyuma kuinjika birika la chai. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Dakika hiyo Tranter hupita mlangoni, na mwizi haingii dukani mbele ya kofia ya polisi. Siku hiyo kofia haikupita. Saa za mfukoni sita, za fedha, zikatoweka kwenye sanduku la kioo. Tranter alitokea dakika nane baadaye.

Kesho yake Quennell alikuwa mbele ya Mrakibu Ferriby, mkuu wetu, akidai konstebo aliacha kazi. London nzima iliamini kwamba polisi asiyeonekana barabarani yuko jikoni kwa mpishi fulani, anakula nyama baridi ya kondoo. Adhabu ya kuacha mzunguko ilikuwa kufukuzwa, na huko Wiltshire hapakuwa na plau iliyokuwa ikimngoja Tranter.

Ferriby alifungua daftari, hakuona kitu. Nilimweleza kwamba nilimgeuza mtu wangu na kwamba kosa la kutoandika ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sajini," akasema, "neno lisiloandikwa ni neno la rafiki tu. Niletee shahidi asiyempenda."

Tulipotoka nje nilimwomba Tranter radhi. Alikuwa ametulia kuliko mimi.

"Yupo, afande," akasema. "Asubuhi hii amenitukana kupitia dirisha."

Huyo alikuwa Bi. Dorcas Hobley, mpishi wa nyumba nambari 31, iliyo kwenye mzunguko huohuo. Jiko lake liko chini ya ardhi, na dirisha lake linaonyesha miguu ya wapita njia na si zaidi. Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, Ferriby alishuka ngazi za jiko hilo pamoja nasi, akamwuliza kama huyu ndiye konstebo aliyepita Jumanne.

"Sura yake siijui," Bi. Hobley akasema. "Anyanyue mguu."

Tranter akanyanyua. Kisigino cha buti la kushoto kilikuwa na kiraka cha chuma.

"Ndiye. Huyu ndiye aliyeniharibia skonzi."

Alieleza mambo kwa mpangilio, tena kwa hasira. Saa ya jikoni ilikufa zamani na bibi mwenye nyumba hakutaka kuitengeneza. Kwa hiyo buti zikipita, hutia sinia katika oveni. Zikipita tena, hulitoa. Kwa miaka mitatu hakuwahi kukosea. Jumanne buti zilipita zikielekea kulia, akatia skonzi. Zikapita zikielekea kushoto, akazitoa. Alikuwa na mikono miwili na wageni tisa wa chai, hakuzitazama, akazipeleka juu. Unga mbichi ukamnata mke wa kasisi kwenye meno, naye Bi. Hobley akanyimwa mapumziko yake ya mwezi.

"Huzioka kwa dakika ngapi?" Ferriby aliuliza.

"Dakika sizijui, bwana mkubwa. Mzunguko mmoja wa buti hizo."

"Na Jumanne aliingia humu?"

"Angeingia angetoka na alama ya kifimbo cha kusukumia unga. Chai yangu hajawahi kuionja, na sasa ndiyo hataionja kabisa."

"Mimi hata sikuomba, mama," Tranter akasema.

"Nyamaza wewe, buti."

Ferriby hakucheka. Alipiga hesabu kwa sauti. Kutoka dirisha lile hadi kona ni dakika nane. Kama Tranter aligeuzwa saa tisa kamili, alikuwa amepita hapa dakika nane kabla, akarudi dakika nane baada, na skonzi zilikaa motoni dakika kumi na sita. Akaamuru sinia jipya litiwe, akatoa saa yake. Ilipofika ya kumi na sita aliichukua skonzi moja, akaivunja. Katikati ulikuwa unga mtupu. Bibi mwenye nyumba aliitwa, akaitazama mara moja, akasema ndiyo ileile ya Jumanne na asingependa kuiona tena. Zilizobaki zilitolewa dakika ya ishirini na nne, zimeiva. Ferriby alikula mbili akiwa amesimama.

Alasiri hiyo Tranter alirudi kwenye mzunguko wake. Quennell aliambiwa kwamba polisi si karani wa dukani, na kwamba anayekwenda kuinjika chai afunge mlango kwanza. Mimi nilishushwa kuwa konstebo kwa miezi mitatu, adhabu ya haki, na tangu hapo amri ya kugeuza huandikwa kabla ya kutamkwa.

Nilipangiwa mzunguko uleule, siku ambazo Tranter alipumzika. Siku ya kwanza, nilipopita nambari 31 kwa mara ya pili, sauti ilitoka chini ya miguu yangu.

"Buti mpya, wewe nani?"

"Sturgess."

"Skonzi zimeungua, Bwana Sturgess. Tembea."

Nilitoa saa yangu nikaitazama. Dakika ishirini na sita. Nikarefusha hatua.