Kichupa cha Majaribio

Kwaru, kwaru. Gizani, kabla hakujapambazuka, Chepkurui alisikia slipa za bintiye zikiburuta sakafuni kuja jikoni. Halafu kimya. Chelangat ameegemea ukuta, anapumzika. Miaka sita tu, na hataki kubebwa, ukimbeba analia.

Stima ilikuwa imepotea, kwa hivyo Chepkurui aliwasha mshumaa. Daktari alisema shida ya mtoto iko kwenye mitokondria, na Chepkurui, aliyesoma bayolojia kwenye masomo ya jioni, alielewa: humo ndimo seli hutengenezea nguvu zake. Sasa mezani kulikuwa na kichupa alicholeta shemeji yake, Gibson, kutoka kwa mtu wa mtandaoni. Peptaidi: kipande kifupi cha protini, kimeundwa kipenye hadi kwenye mitokondria yenyewe. Karatasi yake ilisema ni ya utafiti wa maabara pekee. Sindano alikuwa nayo tayari.

Gibson akaingia na gambuti zake, anapitia chai kabla ya kwenda kazini kwenye shamba la majani chai.

“Bado hujamdunga, mwalimu? Umesoma mpaka umekuwa mwoga!”

“Kaa, shemeji.” Akammiminia. “Ile ploti ya majaribio unayosimamia, majani yake mnachanganya na ya kiwanda?”

“Wewe! Unataka nifutwe? Yanapimwa kando, yanakaa kando.”

“Na si ulisema hiyo michai imeshinda yote kwa kunawiri?”

“Imenawiri, ndiyo. Lakini bado hatujui ita...” Gibson akaweka kikombe mezani. Akakitazama kichupa, akatazama chai yake.

Kwaru. Kimya tena.

“Na hiyo ni chai tu,” Chepkurui alisema polepole.

“Mimi nilitaka mtoto akimbie, mama Chela.”

“Usifikiri mimi sitaki. Tangu jana mkono wangu unakifuata hicho kichupa.” Akakifunga kwenye kitambaa. “Ijumaa tunaenda kliniki. Tutamwonyesha daktari, tumuulize huo utafiti umefika wapi. Kuna watu wanaofanya hiyo kazi, shemeji. Dawa ikishapimwa vizuri, mimi nitakuwa wa kwanza mlangoni.”

Gibson alitikisa kichwa kukubali. Chai yake ilikuwa imepoa.

Kwaru. Chelangat akatokea mlangoni, kiganja ukutani, anahema. Chepkurui akapiga magoti lakini hakumgusa, akingoja amalizie hatua zilizobaki mwenyewe kama kawaida yake.

Mtoto aliipima kwa macho njia iliyobaki hadi mezani, akamtazama mamake.

“Mama, leo nibebe.”