Mstari Ulioanza Aprili

Merrin Tolhurst alikuwa mtu wa hesabu, na katika kazi yake yote hakuna hesabu iliyomnyima usingizi kama hii ya mapafu ya mdogo wake.

Fergus alizaliwa na ugonjwa wa makohozi mazito. Bakteria walihamia kifuani mwake tangu utotoni, hilo lilijulikana. Jipya lilikuwa kirusi kilichogunduliwa majuzi. Hakikuwaua bakteria, kilikaa nao kwa amani na kuwafumia utando, dawa zikija zikagonga mwamba. Daktari alikuwa na dawa moja kali ya kuupasua, lakini sharti utando uwe bado mchanga. Ukishakomaa, dawa ingemharibia figo bure. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: kirusi kiliingia lini?

Faili la hospitali lilikisia kwamba kiliingia utotoni, pamoja na bakteria. Merrin akaiweka tarehe hiyo kwenye milinganyo yake, akalinganisha na vikopo vya makohozi alivyotoa Fergus kila mwezi. Wapi. Akaisogeza mbele mwaka baada ya mwaka, mstari wa grafu ukakataa kugusa vipimo, mkaidi kama Fergus mwenyewe. Alipouanzisha Aprili ya mwaka uliotangulia, ulipita juu ya vipimo vyote. Merrin akafunga kompyuta, akalia. Aprili hiyo ndiyo aliyofariki Tamsin.

Tamsin naye alikuwa na ugonjwa huohuo, na wenye ugonjwa huo hawakaribiani, wasije wakaambukizana. Miaka mitatu ya mapenzi yao, yeye na Fergus walikaa kwenye mabenchi mawili ya ufukwe wa Sandy Bay, hatua tano katikati, wakipaziana sauti kama viziwi. Fergus aliapa kwamba hawakuwahi kuvunja sharti.

Daktari alisema haanzishi dawa kwa mstari mtupu; anataka kusikia kwa mgonjwa mwenyewe. Jumamosi Merrin akaenda kwa mdogo wake na pai mbili za nyama.

"Umekuja na sura ya msibani," Fergus alimtania. "Hesabu zimekushinda, Profesa?"

"Hazijanishinda. Ile Aprili, ulimkaribia Tamsin?"

Fergus alikohoa muda mrefu, zaidi ya alivyohitaji.

"Mama yake asijue," alisema hatimaye. "Ataona mwanawe ndiye aliyeniua."

"Hatajua."

"Alikuwa anaogopa, dada. Nikavua barakoa, nikapanda kitandani kwake. Mchana mzima."

Merrin hakumgombeza. Alimweleza kwamba mchana huo ndio uliokuwa ukitafutwa: utando bado ni mchanga, huenda ukapasuka. Alidhani mdogo wake angefurahi. Fergus akasukuma pai kando.

"Na hicho kirusi kitatoka?"

"Tukibahatika, chote."

"Basi sitabaki na kitu chake."

Kwa hilo Merrin hakuwa na hesabu. Mwishowe Fergus akaomba fomu ya kuikubali dawa, akatia sahihi bila kuisoma.

Jumatatu Fergus alimsimulia daktari mwenyewe, na kabla ya dripu ya kwanza akatoa kikopo cha mwisho cha makohozi yenye kirusi. Maabara huandika namba tu kwenye vikopo. Merrin aliandika namba, na chini yake, kwa herufi ndogo, Tamsin. Kisha akakiweka kwenye friza kwa mkono wake mwenyewe.