Gitaa Linalolala Stoo

Katika bendi ya Mkurugenzi Ansbert hakuna chombo kinachokwenda nyumbani na mpigaji. Mazoezi yakiisha, magitaa, kinanda na ngoma vinarudi stoo, nyuma ya baa moja kule Ilala, na ufunguo unaingia mfukoni mwa Mkurugenzi. Mtu anaweza kupiga humo mpaka mvi zimtoke na nyumbani kwake asiwe na hata uzi mmoja wa gitaa. Akitaka kuhama, anahama na vidole vyake tu.

Mwanangu Stella alikuwa mpiga solo wa bendi hiyo. Kikundi kinachopiga hotelini Posta kilipomwita kumjaribu, kilimpa sharti moja: "Uje Ijumaa, na gitaa lako."

Hakuwa na gitaa lake. Alikuwa na gitaa la Mkurugenzi, lenye vitu vyangu ndani.

Nieleze. Mimi ni fundi. Nina stashahada ya elektroniki, na meza yangu iko kwenye korido ya ghorofa moja hapa Kariakoo, natengeneza redio na amplifaya. Lile gitaa Mkurugenzi alilinunua duka la Nurdin, barabara ya pili kutoka kwangu, gitaa la Mchina la bei ya chini kuliko yote dukani. Lilikuwa linanguruma kama friji bovu. Nyuzi ukizikaza mwanzo wa wimbo, katikati ya wimbo zimelegea. Mkurugenzi alisema linalia, inatosha. Stella akawa analileta kwangu, na mimi nikawa nabadilisha kimoja kimoja. Nilianza na funguo za kukazia nyuzi. Nikaja kwenye swichi, voliumu zote na jeki ya kuchomeka waya. Kile kipande cha plastiki kinachopitisha nyuzi kichwani nilikitupa, nikachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe niliouomba buchani. Mwisho nikaweka pikapu, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, nilizozitoa kwenye gitaa la zamani lililovunjika shingo, la Kijapani. Ndani nikazungushia karatasi ya shaba ili ngurumo isiingie.

Likawa gitaa la kweli. Stella akapiga vizuri kuliko mwanzo, watu wakaja kwa ajili yake, na Mkurugenzi akazidi kumbana. Alipougua malaria alitumiwa bodaboda imchukue kitandani. Harusi ya binamu yake hakwenda. Nilikuwa nimemnolea mwenye bendi kisu chake.

Gitaa zuri jipya hatuliwezi. La bei ya chini tungeliweza, lakini bila vile vya ndani lisingemfikisha wimbo wa pili, na kuagiza vingine ni wiki kadhaa. Kwa hiyo nilimfuata Mkurugenzi uso kwa uso.

"Niuzie hilo gitaa."

"Vyombo vya bendi haviuzwi, Mama Stella."

"Basi nitoe vitu vyangu, nikurudishie vya kiwandani kama ulivyonunua."

Akacheka. "Ukipaka rangi nyumba ya kupanga, siku ya kuhama unaikwangua ukutani?"

"Rangi haifungwi kwa skrubu, Mkurugenzi."

"Kilichofungwa kwenye chombo cha bendi ni cha bendi. Muulize yeyote humu."

Niliwatazama waliokuwemo. Kila mmoja akawa na kazi ya kufanya na viatu vyake.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Stella, "Kesho mazoezini uvute ule waya wa jeki mpaka ukatike. Uvute kwa bahati mbaya."

"Mama!"

"Gitaa haliji kwangu likiwa zima."

Kwa Nurdin nikachukua gitaa kama lile lile, rangi ile ile, nikaliweka kwenye kiroba chini ya meza. Mpango ulikuwa mwepesi. Vitu vyangu vihamie huku, vya hili vihamie kule, na Mkurugenzi arudishiwe gitaa lake na vitu vipya vya kiwandani.

Jumatano gitaa likakata sauti katikati ya wimbo. Alhamisi asubuhi likaletwa, likiwa limebebwa na Mzee Zahoro.

Mzee Zahoro ndiye mpiga besi wa bendi, mtoto wa Ilala, amenizidi miaka kama ishirini. Havui kofia, wala hana haraka na jambo lolote.

"Shikamoo, Mzee Zahoro."

"Marahaba, Mama Stella. Nimetumwa nikukodolee macho mpaka umalize."

"Kodoa."

"Nianze na jicho lipi?"

Nikamvutia kigoda. Mkurugenzi si mjinga, alishanusa. Lakini na mimi nilikuwa na la kufanya: nimtume Mzee chai na chapati kwa Chiku, chini ya ngazi, akirudi iwe karibu na adhuhuri aende msikitini. Mikono yangu inajua lile gitaa, muda huo ungenitosha.

Sikukumbuka kwamba ilikuwa siku ya kontena.

Wenye maduka ya jumla wakishusha kontena, mzigo hauendi stoo moja kwa moja. Unamwagwa kwenye korido kwanza, maboksi juu ya maboksi, hadi wenyewe wagawane. Sisi wenye meza za korido tumezoea. Ukisikia mlio wa lori unakimbia chooni mapema. Mimi siku hiyo nilikuwa nawaza skrubu. Nilisikia "Pisha! Pisha mzigo!" nikainamisha kichwa tu. Nilipokiinua, vijana wa mzigo walikuwa wameshapanga ukuta wa maboksi upande wa ngazi, na wanaanza upande wa pili. Nyuma yangu ni ukuta wa zege usio na dirisha.

"Jamani, mimi nipo huku!"

"Subiri mama, tunashusha! Saa hizi hapapitiki!"

"Mama fundi amebaki ndani?" sauti nyingine ikauliza.

"Yupo na mzee mmoja."

"Aa, basi hana upweke."

Wakacheka, na boksi la mwisho likaziba taa ya korido. Tukabaki na mwanga mwembamba uliokuwa unapita juu ya maboksi, chini ya dari. Joto likapanda papo hapo. Nilijaribu kusukuma kwa bega. Yalikuwa ya vyombo vya udongo, hayakutikisika. Inaweza kuwa saa moja, inaweza kuwa mpaka jioni. Huwa hawasemi.

Mzee Zahoro alifungua kifungo cha shati. "Chai ndiyo tumeikosa," akasema.

Nilikaa nikitazama kiroba. Gitaa lazima lirudi Ilala leo. Kesho ndiyo Ijumaa. Na macho ya Mkurugenzi yako pale kwenye kigoda, umbali wa mkono, hayana pa kwenda. Nikaona hakuna namna. Nikavuta kiroba, nikalaza magitaa mawili mezani bega kwa bega, nikaanza kufungua.

Mzee akanyooshea kidevu lile la kiroba.

"Hilo nalo linaumwa?"

"Haliumwi. Jipya."

"Ndugu wa hili."

"Pacha."

Nikatoa skrubu za kwanza. Nikasikia anahema.

"Mama Stella, mimi si mtoto. Unahamisha nyumba hapa."

"Nahamisha vitu vyangu."

"Na mimi nimewekwa nivilinde."

"Piga kelele basi. Hakuna atakayeweza kuingia."

"Wala mimi kutoka." Akagonga boksi kwa kifundo cha kidole. "Na nikifika Ilala niseme nini?"

Nikakata nyuzi, nikagonga kile kipande cha mfupa kwa ubavu wa bisibisi mpaka kikabanduka. Jasho lilikuwa linadondokea kwenye mbao. Nilipowasha chuma cha kulehemu, moshi wa risasi ulipanda ukakosa pa kutokea, ukarudi machoni mwetu. Mzee akakohoa mpaka akashika magoti.

"Nizime?"

"Usizime. Ukizima tutakaa humu bure." Alipopata pumzi akaanza kuongea, kama mtu anayeongea na maboksi. "Mimi niliingia bendi hii kwa baba yake huyu Ansbert. Stoo ilikuwa ile ile, kufuli ndiyo imebadilishwa. Nyumbani kwangu sijawahi kupiga hata noti moja. Marehemu mke wangu aliishi na mimi maisha yake yote hajanisikia nikifanya mazoezi. Alikuwa anawaambia majirani ameolewa na karani."

"Hukuwahi kununua besi yako?"

"Kila mwaka nilikuwa nanunua, kwa mdomo. Mwaka ukiisha ninanunua tena." Akapiga ulimi. "Vijana waliondoka, mimi nikasema nisubiri kidogo. Ukisubiri sana, hata ukipewa mlango hujui uufanye nini."

Nilikuwa nimefika kwenye waya wa ethi, ule unaozuia ngurumo, na gizani sikuwa naona uzi mweupe wala mweusi. Nikaunguza kidole, nikatukana. Mara mwanga ukashuka juu ya meza. Mzee Zahoro alikuwa amesimama, amewasha tochi ya simu, mkono umenyooka.

"Unachoma gizani," akasema, "utaharibu kitu kizuri."

Hakuushusha ule mkono. Ukichoka alibadilisha wa pili. Nikabandika karatasi mpya ya shaba, nikafunga pikapu, voliumu, swichi, jeki, funguo na kile kipande cha mfupa. Nikageukia lile la bendi, nikalirudishia vya kiwandani, vyepesi kama vitu vya kuchezea. Nikaweka nyuzi, nikachomeka la Stella kwenye amplifaya ya mezani na kumpa Mzee. Alilipiga kwa dole gumba, taratibu, kama anapiga besi. Sauti ikatoka safi, imekauka, haina ngurumo hata chembe.

Kisha akalichomeka lile la bendi. Likanguruma kabla hajaligusa.

"Atajua kabla sijakaa," akasema.

Hapo ndipo nilipoweka bisibisi chini. Nilikuwa nimemwaza Stella tu tangu alipoitwa Posta. Huyu mzee sikumwaza, kwa sababu katika mpango wangu alikuwa anakunywa chai.

"Nitakwenda na wewe," nikamwambia. "Nitasema nilikutuma chai."

"Chai ipi, na maboksi haya?"

"Mkurugenzi hana habari za maboksi."

Akachomoa waya wa gitaa.

"Mzee, sema nirudishe, nitarudisha vyote sasa hivi."

Nilisema, na nilikuwa naomba Mungu asiseme. Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia, akajipepea nayo.

"Funga skrubu zako, Mama Stella. Joto hili litaniua mimi kabla ya Mkurugenzi."

Maboksi yaliondolewa wakati wa alasiri. Tulitoka tumelowa, tukatembea kwa miguu hadi Ilala, yeye na gitaa la bendi, mimi na la Stella kwenye begi mgongoni. Mazoezi yalikuwa yanasubiri. Stella alikuwa ameketi mwishoni mwa jukwaa. Alipoona nimebeba begi akasimama, halafu akaona sura yangu akakaa tena.

Mkurugenzi hakumsalimia mtu. Alichukua gitaa, akalichomeka, akafungua sauti. Friji lile la zamani likaanza kunguruma ukumbini.

Akazima.

"Mzee Zahoro, ulikuwa wapi?"

"Nilimtuma chai," nikadakia. "Vitu ni vyangu, nimetoa vyangu. Vya kwako vipo, vipya. Yeye hahusiki."

"Sijakuuliza wewe, mama. Mzee, ulikuwa wapi?"

Mzee Zahoro alikuwa anakunja mikono ya shati.

"Chai sikunywa," akasema. "Nilikuwepo. Nilimshikia tochi."

Mpiga ngoma aliweka vijiti vyake juu ya paja. Nikajiandaa kusema lolote, kupiga magoti hata, mimi nisiyempigia mtu magoti. Nilikuwa na hakika mzee anafukuzwa.

Mkurugenzi hakupaza sauti. Alimkabidhi lile gitaa mpiga ridhimu, kijana anaitwa Twaha. "Kuanzia leo wewe ndiye solo." Akamgeukia Stella. "Nenda. Mchukue mama yako akakupigie makofi."

Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akamnyooshea Mzee Zahoro.

"Besi yako iko stoo, Mzee. Tumechelewa kuanza."

Hakumfukuza. Hakukuwa na haja, na wote mle ndani tulijua hivyo.

Mzee aliupokea ufunguo. Tulimwona akienda, tukasikia kufuli, akarudi na besi. Akamwekea Mkurugenzi ufunguo kiganjani, akakaa kwenye kiti chake kando ya ngoma.

"Mzee Zahoro," Stella akaita.

"Ondoka, mwanangu." Alikuwa anakaza nyuzi, hakuinua uso. "Unasimama mlangoni, unaziba hewa."

Nilimshika Stella mkono nikamtoa. Nje nikamvisha begi la gitaa mgongoni. Hakulishika mikanda, aliliacha lining'inie tu, akasimama kwenye vumbi ameligeuzia uso lile jengo. Ndani wimbo ulianza, na besi ndiyo iliyoingia kwanza.

"Mama, turudi tumchukue."

"Atakuja na nini?"

Akashika mikanda ya begi.

"Tembea," nikamwambia. "Kesho una kazi."

Tukatembea. Besi haikufika mbali, ilimezwa na kelele za gereji za pale jirani. Ngurumo ya lile gitaa niliendelea kuisikia hadi tulipokata kona, na waya unaoileta nilikuwa naujua.