Kisigino cha Kushoto

Kwa miaka kumi na miwili mke wa fundi viatu hakuwahi kushindwa katika ubishi wa vita vya ng'ambo ya mto. Alimshinda muuza mkaa, akamshinda mwalimu wa hesabu hadi yule bwana akaondoka bila mwavuli wake, na siku moja alibishana na redio, akaizima ili neno la mwisho libaki lake. "Wangetuvamia wale!" ndivyo alivyosema, kidole juu. "Tulivuka mto ili wasivuke wao. Anayesema tuliwaonea aje aniambie usoni." Haya, nani angethubutu? Mwanawe wa pekee alikufa huko, na hata mwili hakuletewa. Aliletewa barua.

Fundi mwenyewe, ubishi ukianza, alijaza misumari mdomoni akainamia kiatu. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi kitu. Lakini akipita nje mtu wa hatua isiyolingana, moja nzito, moja nyepesi: nyundo ya fundi ilibaki hewani mpaka hatua zipotee, na jasho likimtoka hata siku ya baridi.

Mjukuu wao, binti wa yule marehemu, waliishi naye. Walimwita Wakili kwa sababu tangu utotoni hakupewa adhabu asikate rufaa. Sasa ana miaka kumi na sita, na shuleni kesho kuna mdahalo: je, vita vile vilikuwa vya haki? Yeye amepangwa kutetea. Alasiri akaingia chumba cha kazi na daftari.

"Mume wangu," alimtania babu yake, "hebu weka nyundo."

"Mke mdogo, leo umekuja na daftari au na mashtaka?"

"Vyote viwili." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Wapinzani watasema majeshi tuliyoambiwa yamejipanga ng'ambo hayakuonekana. Askari wetu walikuta wakulima na ng'ombe. Mimi nitajibu kwamba mwenye watoto ndani hangoji mlango uvunjwe. Hiyo kanifundisha bibi. Lakini babu, nimeiandika mara tatu, na kila nikiisoma naona ng'ombe tu. Nikisema vilikuwa vya haki, baba yumo humo. Nikisema havikuwa, yumo vile vile. Sitaki kumsingizia mbele ya darasa zima. Wewe unaonaje? Hujawahi kusema."

Mkono wa fundi ukaenda kwenye kopo la misumari, mmoja, miwili, mdomoni. Wakili akakinga kiganja chini ya kidevu cha babu yake.

"Tema."

Akatema. Lo, mzee mzima! Akaiangalia ile misumari iliyolowa mate mkononi mwa mtoto, na kwa mara ya kwanza hakuwa na pa kujificha.

"Baba yako hakutaka kwenda," alisema. "Aliniuliza, wale watu wamenikosea nini? Nikamwambia mwanamume haulizi maswali nchi inapoita. Na unajua alikuwa na mguu mfupi? Wa kushoto. Alianguka kutoka ukutani akiwa mdogo. Jeshini wangemkataa."

"Mbona hawakumkataa?"

"Kwa sababu ya fundi." Akajipiga kifua. "Siku zile walikuwa na haraka. Walimtembeza mtu hatua kumi, na kila mmoja aliambiwa aje na mabuti yake. Nikamshonea jozi. Nikakata kipande cha mkanda wangu wa suruali, nikakificha ndani ya kisigino cha kushoto. Akatembea sawasawa mbele yao. Mimi nilikuwa nje, nachungulia dirishani, nikapiga makofi."

Wakili hakuandika kitu.

Fundi akaendelea, maana sasa yalikuwa yanatoka yenyewe. Vita viliposhika kasi, kila fundi wa mji aliletewa gunia la mabuti kutoka mstari wa mbele, ayatie soli mpya, yarudi yakavaliwe na wengine. Yaliyowapata wenyewe, hakuna aliyeuliza. Redio inaimba ushindi, mkono unafanya kazi. Akashika jozi moja, akaona kisigino kimoja kimezidi mwenzake. Kwa fundi hiyo ni kasoro, na kasoro inasawazishwa. Akakibandua bila kufikiri. Kipande cha mkanda wake kikamwangukia gotini.

"Nilimng'oa mguu kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Na barua ilikuja baada ya siku kumi na nane. Siku kumi na nane, mama, nilikula na bibi yako, nikamtania, nikacheka, huku najua. Jozi ile sikuirudisha. Nikakitia kile kipande ndani ya buti, nikaifungia jozi yote kwenye sanduku. Sijalifungua tena. Naogopa."

"Lifungue," alisema Wakili, tayari analia. "Nipo."

Sanduku lilikuwa nyuma kabisa, chini ya meza ya kazi, limefunikwa mabaki ya ngozi. Fundi alijua atakachokiona: ngozi ya miaka kumi na miwili bila mafuta hukauka, ikapasuka ikawa kama ganda la mti. Akafungua. Mabuti yaling'aa. Akaminya ngozi kwa dole gumba, ikabonyea, laini. Akayageuza. Kwenye kisigino cha kushoto kipande cha mkanda kilikuwa kimerudishwa mahali pake. Gundi ilikuwa imemwagika kila upande na misumari imepinda, mmoja umeingia kiubavu kabisa. Kazi mbovu kuliko zote alizopata kuziona, na haikuwa yake.

"Ule uliopinda ulinichoma kidole," sauti ilisema. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi.

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile ya barua. Ulidhani humu nafagia nimefumba macho? Na habari ya mguu niliijua kabla. Siku ile ya makofi nilikuwa nyuma yako."

"Ukajua yote," fundi alisema, "halafu miaka yote hii unapigana na watu kwamba vita vilikuwa vya haki?"

"Nisingesema hivyo, wewe ungelala vipi?"

Wakili akamtazama bibi, akamtazama babu, daftari limemwangukia miguuni.

"Bibi, kwa hiyo vilikuwa vya haki au havikuwa?"

"Sijui, mke mwenzangu. Mwanangu aliuliza, na hatukumjibu." Akaketi sakafuni, ufagio ukiwa bado mkononi, na machozi aliyoyazuia kwa kelele za miaka yote yakamshuka. "Kesho waambie hivyo. Waambie nyumbani kwenu mjadala umeanza leo."

Fundi akachukua nyundo na koleo, akaliweka buti magotini kuunyoosha ule msumari, kwa mazoea tu. Koleo likaushika. Kisha akaliachia, akavirudisha vifaa mezani, akauacha msumari ulivyopinda.