Majoho ya Mama Haleluya

Kanisani kwetu wananiita Mama Haleluya, na jina hilo sikuliokota njiani. Mchungaji akisema neno moja, mimi nimeshaitikia mara tatu. Kwa hiyo kwaya ilipotaka majoho mapya, nilisimama katikati ya ibada nikatangaza kwamba nitayashona yote kumi na mawili bure, kwa utukufu wa Mungu. Makofi ya siku ile bado nayasikia.

Jumamosi asubuhi shangazi, aliyenifundisha cherehani nikiwa bado najichoma sindano, alikuja kuchukua lake. Ndiye mwanakwaya mkongwe kuliko wote. Badala ya kulijaribu, alivaa miwani, akaligeuza joho, ndani kukawa nje.

"Eh! Kumbe limeota ndevu."

Nyuzi zilikuwa zinaning'inia kweli. Kingo sikuzipiga ovaloki zisifumuke, na upindo niliulipua tu, bora liende.

"Shangazi, huko ndani nani ataona? Halafu hii ni sadaka."

Aliliendea gauni la bibi harusi lililotundikwa mlangoni, akaligeuza nalo. Kila ukingo nilikuwa nimeufunika kwa utepe wa hariri.

"Huyu atalivaa siku moja tu," alisema. "Kumbe yeye ndiye umemwimbia haleluya."

Nikajitia hamnazo, nikaendelea kupiga pasi. Kesho yake mchungaji angenisimamisha mbele ya watu wote anishukuru, na kilemba cha kuvaa nilishakichagua. Siku yangu isingeharibiwa na uzi.

Jumapili kwaya ikaingia. Kumi na mmoja walipendeza hadi nikajipongeza. Wa mwisho alikuwa shangazi, joho kalivaa kwa kuligeuza, nyuzi zinapepea kila akiyumba na wimbo. Watoto wakaanza kucheka, wakubwa wakafuata.

Mchungaji alimwinamia amnong'oneze, akasahau kipaza sauti. "Mama, joho umeligeuza."

"Najua, mchungaji. Fundi kaniambia hili ni la Mungu. Na Mungu si huangalia ndani? Nikasema nimrahisishie kazi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ndipo nikaitwa mbele, na kilemba changu. Nawaambia ukweli, nilikuwa na hasira ya kumtafuna shangazi mzimamzima. Nilijiandaa kusema mama wa watu amezeeka, hajui tena nje na ndani, na kanisa zima lingeniamini. Kisha nikaziona zile nyuzi kwa karibu. Nilikuwa nimesimama mbele ya Mungu na ndevu za joho lake. Niliona aibu, na safari hii haikuwa ya watu.

"Msinishukuru," nilisema, kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwangu. "Mkitoka, nirudishieni yote. Nayaanza upya."

Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa shangazi, tena kwa nguvu.

Jumatatu alikuja na joho lake la zamani, alilojishonea nilipokuwa bado nabebwa mgongoni, ili niige mfano wake. Nililitandaza mezani, nikaligeuza. Nikaligeuza tena. Nikafuata mshono kwa kidole kutoka bega mpaka upindo, nikarudi nilikotoka.

"Shangazi," nikasema mwishowe, "nje ni wapi?"

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hata hakuinua kichwa.

"Tafuta doa la chai," alisema. "Hilo liko nje."