Kabla Ghala Halijajaa

Tangu kiwanda cha pamba kipate mwenye mali mpya na wapiga chapa, yeye akiwemo, wapunguzwe kazini, Teodora alibaki na mambo mawili ya kumtoa nyumbani: misa ya asubuhi, na darasa la kompyuta la jioni katika ukumbi wa parokia pale Mkuyuni. Misa hakuna wa kumnyang'anya. Darasa ndilo lilikuwa mashakani.

Padri Mihayo alishasema bila kuzunguka. "Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wanaiomba hiyo mashine. Kama ninyi kazi yenu ni kuitazama tu, nitawapa. Jumamosi nakuja kujionea."

Wala hakuwasingizia. Kompyuta ilikuwa moja, kubwa, ya msaada, na skrini sita zimeungwa nayo kwa nyaya. Mmoja akiandika, watano waliobaki walikaa mikono mapajani. Herufi zilisimama, taa ya diski ikawaka bila kupepesa, na ndani ya mashine kukasikika mkwaruzo kama wa kuku anayepekua makapi.

"Injini nilizozifufua mimi baada ya kuzama ziwani ziliwaka mapema kuliko hii," alisema Okwach, fundi wa mitumbwi kutoka Shirati, ambaye hakuwahi kukosa neno.

"Tumejiroga wenyewe," alijibu Mwalimu Luhende, kijana ambaye Teodora angeweza kumzaa. "Mmesahau kilio chenu wakati wa mgao?"

Hawakusahau. Umeme ulikuwa unakatika watu wamefika katikati ya insha, na kila kitu kinapotea. Darasa zima lilimsihi mwalimu afanye lolote. Naye akafungua kiini cha mfumo, yaani ile programu inayozisimamia programu nyingine zote, akaamuru kila mstari upelekwe kwenye diski papo hapo, usikae kwenye kumbukumbu hata kidogo. Tangu hapo hawakupoteza kitu. Ila mashine nayo haikupata pumzi tena, kwa kuwa diski ni nzito kwa mwendo na kumbukumbu ni nyepesi.

"Niachie mimi, mwalimu," alisema Teodora. Alikuwa mwaka wa pili wa kujifunza kuandika programu.

"Utaweza, mama?"

"Mungu akinisaidia nitaweza. Na atanisaidia."

Alifanya ishara ya msalaba, akavaa miwani, akaanza kusoma kiini mstari kwa mstari, Luhende ameketi kando yake. Wakaiondoa ile amri ya papo hapo. Sasa maandishi yangekusanyika kwenye kumbukumbu, vipande vidogo viungane, na kumbukumbu ikijaa ndipo vipelekwe diskini kwa mkupuo. Kukiunda upya kiini kulikula mchana mzima, maana mashine ilikuwa ya zamani.

Jioni ile herufi zilikimbia. Skrini zote sita! Okwach alisimama akacheza. Hajamaliza kucheza, zote zikaganda kwa pamoja, muda mrefu kuliko siku zote.

"Imezimia," Okwach alisema. "Mwiteni Padri aje na mafuta matakatifu."

Wengine walikunja sura. Teodora alicheka, kwa sababu jambo hilo alikuwa amelishuhudia kwa macho yake. Kule kiwandani, msimamizi mmoja wa ununuzi wa pamba alikuwa haiti lori mpaka ghala lijae hadi mlangoni. Basi siku ya kupakia hakuna kinachopokelewa, mikokoteni ya ng'ombe inapanga foleni hadi barabara kuu, wakulima wanalala juu ya magunia yao. Aliyemfuata aliita lori pamba ikifika robo ya ghala. Foleni ikaisha.

"Kumbukumbu ndiyo ghala, mwalimu, nasi tumelijaza," alisema. "Lori liwe linaondoka mapema, kidogo kidogo, wakati watu wanaendelea kupima."

Luhende alipiga paja. "Na mzigo upangwe kwa vijiji! Diski nayo ina vijiji vyake. Lori lishushe la huku lote kabla ya kwenda kule, lisirudi rudi njiani."

"Na anayeamuru kuhifadhi?"

"Huyo lori lake liondoke saa ile ile. Asiambiwe tayari mpaka mzigo umefika. Asiyeamuru, mzigo wake usikae ghalani zaidi ya sekunde tano."

Wakayaandika hayo yote, wakakiunda kiini upya kwa mara ya pili.

Jumamosi Padri Mihayo aliingia. "Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina," waliitika, vidole havikuacha kugonga. Skrini sita, watu sita, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Padri alizunguka nyuma yao polepole, akafika ukutani, akaweka mkono kwenye swichi kuu.

"Nzuri. Na umeme ukikatika? Masikio yangu ndiyo yaliyosikiliza vilio vyenu."

Luhende aliinuka nusu. Teodora hakuinuka.

"Hifadhini kazi zenu," aliwaambia wenzake. Akasubiri mpaka neno "tayari" limetokea kila mahali. "Zima, Padri."

Padri akazima, skrini zote sita zikawa nyeusi. Alipowasha tena, mashine ilianza kuikagua diski yake, taratibu, kama bibi anayechambua mchele. Teodora alifumba macho. Hakuwa anaomba, maombi aliyamaliza asubuhi. Alikuwa anashukuru.

Kazi zikatokea. Ya kwanza, ya pili, zote sita.

"Yangu imekatwa mkia!" Okwach alipiga kelele.

"Ulihifadhi?"

"Nilihifadhi, halafu nikaendelea kuandika. Nilikuwa namsifu Padri!"

"Basi zirudie hizo sifa," alisema Padri huku darasa likicheka, "na safari hii uhifadhi ukifika mwisho."

Alivuta kiti, akaketi karibu na Teodora.

"Haya, mama. Wale wa ng'ambo wanangoja jibu langu. Nionyeshe pa kuandikia."

Akaanza kugonga kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi: Wapendwa katika Kristu, ninasikitika kuwaarifu kwamba mashine hii ina kazi. Kushoto na kulia kwake watano wengine walikuwa wanaandika, na herufi zake zilitokea kila alipogonga.

"Hifadhi, Padri," Teodora alisema.