Ufundi wa Siku Mbili

Kalamu ilimponyoka tena, ikabiringika hadi chini ya kiti cha mbele, na safari hii Fundi Kasoro aliiacha huko huko. Ilikuwa ya bure, yenye jina la kampuni ubavuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebakiwa na kidole gumba na kidole cha mwisho, na katikati yao pengo ambamo kalamu haikuweza kusimama. Alikuwa amejaribu mkono wa kushoto. Akatazama alichoandika, akaona kuku angeandika vizuri zaidi. Basi akakunja mikono, akamsikiliza Kocha.

Kocha alivaa viatu vyenye ncha kali na kipaza sauti kilichobanwa shavuni, ingawa ukumbi haukuzidi chumba cha darasa na sauti yake peke yake ingetosha kuamsha jirani. Nyuma yake kulikuwa na turubai jeupe lenye vijiti vya kijani na vyekundu, vingine virefu, vingine vifupi, vimepanda na kushuka kama meno mabovu.

"Wapendwa," alisema, "hii kazi ni ya ushirikiano. Wazee wetu walisema, kidole kimoja hakivunji chawa."

Mbele yake alikaa mpakiaji wa mizigo aliyevunjika kiuno, akiegemea ubavu. Kando ya mpakiaji alikaa mama wa kiwanda cha sabuni, ngozi ya mkono wake imekunjamana kama gunia lililolowa. Kisha Fundi Kasoro na pengo lake. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekasirika. Kocha mwenyewe hakusikia alichokisema. Aliendelea.

Vidole vitatu vya Fundi Kasoro vilichukuliwa na msumeno wa mviringo kwenye kiwanda cha mbao. Msumeno ule uliwahi kuwa na kifuniko cha chuma. Tajiri, mwenye kiwanda, alikifungua kwa mkono wake akisema kinachelewesha kazi. Kidonda hakijakauka, wenzake wakampa jina: kumi kasoro tatu. Fundi Kasoro. Alilikubali mapema, kwa sababu jina la utani ukilikataa ndipo linapoota mizizi.

Kuhusu fidia alihangaika mpaka soli za viatu zikaisha. Siku ilipotoka, afisa wa fidia, mama mnene mwenye sauti ya usingizi, alimwita ndani na hata kiti akampa.

"Yako imepita," alimwambia. "Ila siku hizi hatuwapi watu pesa mkononi. Mnazila. Kuna mpango mpya wa kuwainua walioumia kazini."

"Mpango gani, mama?"

"Semina ya siku mbili. Uchambuzi wa kiufundi wa masoko. Unafundishwa kusoma chati za bei, dhahabu, sarafu za nje, vitu kama hivyo. Ukimaliza, fidia inaingizwa kwenye akaunti yako pale kwenye kampuni inayoendesha semina, na unafanya biashara kwa simu ukiwa umekaa kwako. Haihitaji vidole."

"Mama, mimi shule yangu ni ya msingi tu. Mimi ni fundi wa mbao."

"Si ndiyo hiyo sasa. Uchambuzi wa kiufundi. Na wewe ni fundi. Tatizo liko wapi?"

Alisubiri acheke. Fundi Kasoro akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyochekea mzaha wa aliyeshika funguo.

"Na nisipoitaka hiyo semina?"

"Hulazimishwi. Faili linarudi kwenye kamati."

"Kamati inakaa lini?"

Mama yule alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kamati haijakaa tangu mwaka juzi, baba."

Akasogeza kidau cha wino. Fundi Kasoro akabonyeza kidole gumba pale alipoonyeshwa, kisha akakifuta kwenye suruali.

Mkewe hakuipenda habari ile. Yeye alifua mashuka kwenye zahanati, na alikuwa ameshaitengea fidia kazi yake: mashine ndogo ya kusaga nafaka, pale barabarani, kwenye kile kibanda ambacho mmiliki wake alikuwa anakitafutia mpangaji. Kumimina nafaka mtu anaweza hata kwa vidole viwili.

"Siku mbili?" alimuuliza. "Hata kusuka nywele hakufundishwi kwa siku mbili."

"Wao ni wasomi, mama watoto. Wana njia zao."

"Wasomi wa nini?"

Kama Fundi Kasoro angemwambia kuhusu kamati, mkewe angelia. Alichagua kuonekana mjinga.

Sasa alikuwa hapa, akitazama meno mabovu ukutani. Kocha alieleza kwamba kila kijiti kinaitwa mshumaa. Mshumaa wa kijani, bei imepanda. Mshumaa mwekundu, imeshuka. Bei hugonga sakafu ikarudi juu, hugonga dari ikarudi chini. Na kuna umbo liitwalo kichwa na mabega: ukiliona, bei imechoka, iuze, usiulize. Aliyasema haya yote kabla ya chai. Baada ya chai aliyasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Fundi Kasoro aliinua mkono, ule mzima.

"Kocha, samahani. Wewe mwenyewe ulijifunza kwa muda gani?"

"Swali zuri sana, baba. Miaka saba. Miaka saba nilipigwa na soko mpaka nikauza kitanda. Nililala chini. Na yote niliyoyapata kwa miaka saba ya mateso nawapa ninyi kwa siku mbili. Jipigieni makofi."

Wakajipigia makofi. Mpakiaji aligonga goti kwa sababu mkono mwingine ulishikilia kiuno. Fundi Kasoro alipiga pia, mlio wake ukatoka mbovu, nusu nyama nusu hewa. Alikumbuka kwamba pale kiwandani alifagia unga wa mbao mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kushika ubao, akashika ubao miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa swichi. Akaona aibu kwa wazo hilo. Huenda mbao ndizo zilizo ngumu, alijiambia. Huenda dhahabu ni laini.

Siku ya pili ilikuwa ya vitendo. Kocha alileta kipande cha boksi, akafunika nusu ya kulia ya chati, akauliza ukumbi: "Kutoka hapa, itapanda au itashuka?"

"Itashuka," walijibu wachache.

Akaondoa boksi. Ilikuwa imeshuka. Akaweka chati nyingine, akafunika. Ukumbi ukajibu kwa sauti moja, akafunua, ukumbi ukawa umepatia tena. Hadi saa ya chakula hakuna aliyekosea hata mara moja. Mama wa kiwanda cha sabuni alikuwa akijifuta machozi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana akili.

"Mnaona?" alisema Kocha. "Mlikuwa hamjui tu kwamba mnajua."

Zile chati Kocha alizichagua nyumbani kwake, za siku zilizokwishapita, moja baada ya nyingine. Jambo hilo lilimjia Fundi Kasoro baadaye sana, akiwa anachota maji, na aliposhtuka ndoo ilikuwa inafurika.

Jioni waligawiwa vyeti vyenye mhuri wa dhahabu. Mpiga picha aliwapanga mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika alikishika cheti kwa mkono wa kushoto, na Kocha akamshika kiwiko, taratibu, kama mtoto anayerekebishwa kola.

"Mkono ule mwingine, baba. Ule ndio wenye hadithi."

Fidia ikaingia kwenye akaunti. Aliiona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, tarakimu zimekatwa na ufa katikati. Siku za mwanzo aliuza na kununua kidogo kidogo, akifumba macho kwa woga kila alipobonyeza, na mara mbili tatu akapata. Walikula nyama. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu ajali, alikuja kusalimia na kumwita mwekezaji. Hata mkewe alilainika, akaacha kuuliza.

Kisha akaliona lile umbo. Bega, kichwa, bega, waziwazi kama mtu amesimama mlangoni. Kampuni ilikuwa imempa nguvu ya mkopo, kila senti yake isimame sokoni kama mia, kwa faida na kwa hasara. Kocha aliliita jambo hilo baraka. Alibandika maji ya chai, akakaa kwenye kigoda, akauza, akitegemea kununua tena bei ikishashuka.

Bei ilisita. Ikapanda kidogo. Akajiambia ni pumzi ya mwisho ya mtu anayekufa. Ikapanda tena, na mtu yule anayekufa akainuka, akavaa viatu, akatoka mbio. Fundi Kasoro alibonyeza, akabonyeza tena, lakini kioo kilichopasuka kilisikia pale kilipotaka. Simu ikalia kengele moja fupi, ya upole, kama ya mlango wa duka. Salio likasomeka sifuri. Maji aliyoyabandika yalikuwa hayajachemka.

Alimpigia Kocha.

"Ulifuata kanuni?" Kocha alimuuliza. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga makofi.

"Nilifuata. Niliona kichwa, nikaona mabega."

"Ukathibitisha?"

"Kuthibitisha na nini?"

"Ah," alisema Kocha. "Hiyo iko kwenye semina ya pili."

Fundi Kasoro aliyaepua maji.

"Ile ya kwanza ni ya kufungua macho tu," Kocha aliendelea, bila ukali. "Tuwe wakweli, baba. Nani anaweza kulijua soko kwa siku mbili? Hata wewe mwenyewe ulipaswa kujiuliza."

"Cheti kimeandika nimehitimu."

"Umehitimu semina. Hujahitimu soko. Njoo ile ya pili, kwa wahitimu wetu kuna punguzo."

Alikwenda ofisi ya fidia na cheti kwenye mfuko wa nailoni. Mama mnene alikisoma chote, akageuza nyuma, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Baba, nikwambie ukweli. Sheria inamlinda asiyejua. Angekuwa mtu wa mtaani tu kachezewa, tungeandika barua. Lakini wewe una cheti. Wewe ni mtaalamu. Mtaalamu akipata hasara ni biashara."

"Kocha mwenyewe kaniambia siku mbili hazitoshi."

"Hayo ni ya Kocha. Kwetu sisi umefuzu." Akashusha sauti, kana kwamba anampa zawadi. "Na usitembee ukisema umedhulumiwa. Kwenye taarifa ya mwaka huu umo, na picha yako imo, hata gazetini imetoka. Wale walioinuliwa. Mkurugenzi aliipenda sana ile picha."

"Kwa hiyo fidia yangu…"

"Umeshalipwa, baba."

Nje, gari la Kocha lilikuwa limeegeshwa kwenye nafasi ya mkurugenzi, na mlinzi wa ofisi alikuwa analiosha. Fundi Kasoro alisimama akatazama povu likishuka kwenye magurudumu. Mlinzi alimsalimia kwa furaha. Alidhani ni mgeni wa mwenye gari.

Nyumbani alimkuta mkewe anaanika nguo. Alimwambia pale pale, kwenye kamba, akiwa amesimama.

"Zote?" mkewe aliuliza.

"Zote."

Mkewe alikamua shati la mtoto, akalikamua tena, likawa halitoi hata tone na bado anakamua.

"Nilijua pesa zinaliwa," alisema mwishowe. "Sikujua hata vidole vinaliwa."

Alianika lile shati, akachukua beseni, akaingia ndani. Kile kibanda cha barabarani kilikuwa kimeshapata mpangaji, fundi simu.

Wiki iliyofuata Fundi Kasoro alikwenda kiwandani. Tajiri alikuwa kwenye mlango wa stoo anahesabu magogo, na alimpokea kama mtu aliyetoka likizo.

"Mwekezaji," alisema. "Nilikuona gazetini. Umetukumbuka sisi wa vumbi?"

"Natafuta kazi, Tajiri."

"Mashine ni ile ile. Niliyemweka kakimbia, kijana wa siku hizi, anaogopa kelele. Ila nitakupa kibarua cha kutwa tu, siwezi kukuandika. Ukiandikwa halafu ukaumia, wananisumbua wale wa fidia."

"Na kifuniko?"

"Kifuniko gani?"

Fundi Kasoro alivua shati, akalitundika msumarini. Wenzake walimpigia miluzi, mmoja akamwita mhitimu, wakarudi kwenye kazi zao. Aliushika ubao kwa mkono wa kulia, ukazunguka ukadondoka. Kidole gumba na kidole cha mwisho havikuweza kuubana. Akabadilisha. Mkono wa kushoto mbele, wa kulia nyuma ukisindikiza. Mkono wa kushoto ulikuwa haujawahi kusukuma ubao. Ulikuwa mwepesi, mwoga, na ulivuta kuelekea upande usiotakiwa.

"Huu haujui kazi, Tajiri," alisema. "Niache kwanza niutumie kwenye kufagia, nishike mbao za pembeni, uzoee."

Tajiri alikuwa ameshageuka kurudi kwenye magogo yake.

"Sukuma tu," alisema. "Siku mbili, utakuwa umezoea."

Fundi Kasoro alibonyeza swichi. Msumeno ulinguruma, ukashika kasi mpaka meno yake hayakuonekana tena, likabaki duara jeupe linalotetemeka. Akaulaza ubao mezani, akautanguliza mkono wenye vidole vitano.